Simba kamaliza ndala ya tatu

Jamani, huyu mbwa wangu ana meno 42 na yote yana kazi. Mpira wa watoto niliomnunulia Ngamiani aliupasua kabla chai yangu haijapoa. Nikamfungia fundo la kamba ya mkonge (Tanga tena, mkonge utakosekana?), kesho yake nakuta nyuzi kwenye kinyesi. Nikaitupa haraka, nyuzi zikijisokota tumboni ni kisu cha daktari. Mifupa iliyopikwa nayo marufuku, hupasuka vipande vyenye ncha.

Sasa ana mpira mzito wenye tundu, mkubwa usioweza kupita kooni. Dukani niliubonyeza kwa ukucha: ukibonyea kidogo, chukua, ukiwa kama jiwe, utamvunja jino. Ndani namwekea karanga za kusaga, analamba hadi usingizi unamchukua.

Ndala zangu zimepumzika. Za baba mkwe, bado.