Pishi ya Saba

Nilikuwa nimekusudia kula Idi nyumbani kwetu Tabora. Tiketi ya basi la kutoka Mokowe, upande wa bara ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, hadi Mombasa nilikuwa nimeikata siku nne kabla, na hesabu yangu ya safari haikuacha nafasi ya siku hata moja kuharibika: Mombasa nilale usiku mmoja, kesho yake nivuke mpaka pale Lunga Lunga niingie Horohoro na Tanga, kisha Dar es Salaam, na kutoka hapo njia ndefu ya bara mpaka kwa mama yangu. Nilipofika kituoni alfajiri nikakuta kiti changu kimeuzwa mara mbili, na aliyekuwa amekikalia alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, ambaye sikuwa na moyo wa kumwinua. Basi lililofuata nalo lilikuwa limejaa, kwa kuwa siku za mwisho za Ramadhani kila mtu anarudi kwao. Nikapanda boti kurudi kisiwani, begi mapajani, nikiitazama Lamu ikikaribia kwa mara ya pili, na safari hii sikuiona vizuri kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Kwa wiki tatu nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya mawe mtaa wa Mkomani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na tangu nikiwa mwanafunzi nilitamani kukisikia Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa masikio yangu kutoka kwa wenyewe. Wenye nyumba walikuwa wazee wawili, ambao mtaa mzima uliwaita Babu na Bi Mkubwa, pamoja na mtoto wao wa kiume, mkewe, na wajukuu wawili. Tulikuwa tumeishi kwa adabu na kwa umbali kidogo, kama ilivyo kwa mpangaji na mwenye nyumba: tunasalimiana, tunapokezana sahani ya futari, basi.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, niliporudi. Hakuniuliza kilichotokea. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akasema, "Ndoo, mwanangu." Kwetu ndoo ni chombo cha maji, kwao ndiyo njoo. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo darasani miaka mingi, kwamba ch, nj na j zetu mara nyingi huwa t, nd na y katika lahaja za kaskazini, kwamba macho ni mato, chini ni tini, jana ni yana. Lakini neno lile sikuwahi kuambiwa mimi, nikiwa nimesimama barabarani na mzigo, na hata leo nikiliandika ubaoni naisikia sauti ya yule mama.

Kodi ya siku zilizoongezeka aliikataa. Badala yake alinipa kazi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipewa mbuzi ya kukunia nazi na sufuria pana, nikawekwa kwenye kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu ambao katika nyumba za Lamu ndio unaoingiza mwanga na hewa vyumbani. Nazi zilikuwa kumi na mbili. Mke wa mtoto wao alikaa karibu yangu na kifumbu akikamua, kasimile, lile tui zito la kwanza, akiiweka kando kwa ajili ya mbaazi na tui la pili akilitenga kwa kupikia, na chicha tukawatupia kuku wa jirani. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, kwa sababu watu wanaofanya kazi pamoja hawahitaji kutafuta la kusema. Katika saa mbili zile nilijua mambo mengi ya nyumba ile kuliko niliyoyajua katika wiki tatu za kupanga.

Watu wengi wanaoijua Lamu kwa mbali wanaijua kwa Maulidi ya Mfungo Sita, yanayosomwa katika Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh kule Langoni, wakati mji unapojaa wageni kutoka pwani yote na hata kutoka nje. Wengine wanaijua kwa sababu mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nao huja kuitazama milango ya kuchonga na ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1813. Idi haina mtazamaji. Hufanyika ndani ya kuta, jikoni, na asiye na nyumba ya kuingia siku ile hataiona hata akitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mara kumi.

Jioni ya kuutazama mwezi tulipanda juu kabisa, chini ya paa la makuti. Mji unaelekea mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, kwa hiyo mwezi mwandamo hautafutwi gatini penye mashua. Unatafutwa nyuma, magharibi, juu ya minazi. Sisi hatukuuona. Mawingu yalikuwa yametanda upande ule, na mjukuu mdogo alikuwa karibu kulia. Habari ilikuja kwa redio baada ya Magharibi, kwamba mwezi umeandama, na kabla mtangazaji hajamaliza, takbira ilikuwa imekwisha kuanza katika msikiti wa karibu, ukaitikia wa pili, halafu wa tatu, mpaka sikuweza tena kuzitenga sauti.

Babu hakutoka mara moja. Alitandika mkeka msanani, kwenye ukumbi wa ndani, akaletewa gunia la mchele, mtele kama wanavyouita wao, na kibaba cha bati kilichokunjika ukingoni. Kwetu siku hizi zakatul-fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, mara nyingi tunaitoa kwa pesa, au tunapima kilo mbili na nusu kwenye mizani ya dukani, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona mtu akiipima kwa kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne, na kila mtu aliyemo nyumbani ana pishi yake, mkubwa kwa mdogo. Alianza na yake. Alichota, akausawazisha mchele kwa kiganja, akamimina mfukoni, akachota tena. Kila alipofikisha vibaba vinne alitaja jina la mwenye pishi kwa sauti ya chini, kisha akafunga mfuko kwa kamba ya ukindu. Bi Mkubwa. Mtoto. Mkwe. Wajukuu wawili, mmoja baada ya mwingine. Mifuko ikawa sita.

Kisha akanigeukia. Aliniuliza kama fitri yangu imetolewa. Nikamweleza kwamba nilidhamiria kuitoa nikifika nyumbani, na kwamba kesho asubuhi nitanunua mchele dukani. Akatikisa kichwa. Akasema kwamba mimi ni mtu mzima, simo katika watu anaowajibika kuwatolea, kwa hiyo hawezi kunitolea bila ya idhini yangu. Lakini mwezi umeniandamia nyumbani kwake, na angependa nimpe ruhusa. Alisema hivyo kwa upole na kwa uzito, kama mtu anayeomba, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akitoa. Nikampa ruhusa. "Binti nani?" akauliza, kwa kuwa jina langu alilijua lakini la baba yangu hakulijua. Nikamtajia. Marehemu baba hakuwahi kufika Lamu maishani mwake, na jina lake likatajwa katika nyumba ile juu ya vibaba vinne vya mchele, na mfuko wa saba ukafungwa.

Mifuko ilipelekwa usiku uleule, ili wenye haki waamke nayo kabla ya sala. Nilifuatana na mjukuu mkubwa kwenye vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, tukampisha punda aliyebeba magunia, tukabisha kwenye nyumba za wajane wawili. Mfuko wangu niliubeba mwenyewe.

Usiku haukuwa na kulala. Tulikanda mahamri, tukakaanga kaimati, tukapakana hina, na karibu na alfajiri Bi Mkubwa alitia udi kwenye chetezo akanipitishia chini ya kanga mpya aliyokuwa amenipa. Asubuhi tulikula tende kabla ya wanaume kwenda kusali, wakaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine kama ilivyo sunna. Mchana ulipita kwa biriani, kwa wageni, na kwa watoto wa mtaa waliokuja kunibusu mkono na kusubiri mkono wa Idi. Nilikuwa nimebadilisha noti zangu zote ziwe sarafu.

Mchana huo nilimpigia mama simu. Nilitaka kumwambia niko salama, lakini sauti ilinikwama, na Bi Mkubwa akaichukua simu mkononi mwangu. Wanawake wale wawili, ambao hawajaonana mpaka leo, walizungumza karibu nusu saa. Mama alishukuru, Bi Mkubwa akakataa kushukuriwa, mama akashukuru tena. Waliulizana habari za miguu na za presha. Mwishoni nilimsikia Bi Mkubwa akisema, "Huyu ni wetu sote."

Nilirudi Tabora siku nne baadaye. Mwaka uliofuata, magharibi ya mwisho ya Ramadhani, nilikuwa nyumbani nikipika na mama wakati simu ilipolia, na nyuma ya sauti ya Bi Mkubwa nilisikia takbira na kelele za wajukuu. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema Babu ameketi mkekani na kibaba mkononi, amefunga mifuko sita, na anauliza kama yangu imetolewa huko au aipime. Nikamwambia amwambie Babu kwamba imetolewa, vibaba vinne, na kwamba nimeipima mwenyewe.