Siku moja maishani mwangu: nikiyeyusha barafu ya mwaka 1809

Saa 1:00 asubuhi

Barafu haiguswi bado. Kwanza nawasha pampu, napitisha maji yaliyosafishwa kwenye mirija yote, kisha nayafuatisha na maji ambayo kiasi chake cha salfa, sodiamu na kalsiamu nakijua tayari, ili baadaye namba za mashine ziwe na maana. Siku ya kuyeyusha hakuna kujipaka mafuta wala manukato. Theluji ya Greenland ni safi kiasi kwamba kidole chenye jasho kikigusa mahali pasipo pake, kwenye grafu inaonekana dhoruba ya chumvi ya bahari ambayo haikutokea kamwe.

Kwa asiyejua kazi hii: kwenye maeneo ya ndani ya Greenland na ya Antaktika theluji karibu haiyeyuki kamwe. Ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana, uzito unaibana, na mwishowe inakuwa barafu. Tunaichimba kwa keekee yenye uwazi katikati, tunatoa magogo ya mviringo moja baada ya jingine, na kila tukishuka tunarudi nyuma kwa miaka. Kule Dome C, Antaktika, mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulitoa barafu yenye umri wa miaka 800,000. Magogo yangu ya leo ni watoto mbele ya hayo. Yametoka Greenland, kina cha mita sitini na kitu, na yamebeba miaka ya 1835 kurudi hadi 1809. Lakini kwa sisi tunaofuatilia volkano, miaka hiyo michache ina kesi nyingi kuliko karne nzima ya mahali pengine.

Saa 2:00

Chumba baridi, nyuzi 20 chini ya sifuri. Suti nzito, glavu mbili mbili, na sheria kwamba hakuna kukaa humo muda mrefu bila kutoka kupasha mwili moto. Mwanafunzi aliyejiunga nasi karibuni anashika upande mmoja wa gogo, mimi nasukuma kuelekea msumeno.

"Dada, kwa nini tusiliyeyushe lote? Si tungepata maji mengi zaidi?"

Swali zuri, na nitalirudia jioni kwa sababu zangu mwenyewe. Ngozi ya nje ya gogo imeguswa na keekee, mifuko na mikono, kwa hiyo haiaminiki kwa vipimo vya kemia. Moyo wa gogo ndio unaokatwa kuwa ufito wa mraba, kama sentimita tatu na nusu kila upande, urefu wa mita moja. Pembeni panabaki kipande kingine cha kupima isotopu za oksijeni, yaani atomu zake zenye uzito tofauti, zinazotueleza juu ya joto la wakati ule theluji ilipoanguka. Na sehemu moja hairuhusiwi kuguswa kabisa: hiyo ni ya hifadhi, kwa ajili ya watu wenye mashine bora kuliko zetu, ambao pengine hawajazaliwa.

Kabla ya kutoka tunaparua uso wa kila ufito hadi uwe laini, halafu tunauburutia ncha mbili za chuma zenye volti nyingi. Penye asidi, yaani salfa ya volkano iliyotua pamoja na theluji, mkondo wa umeme unapanda. Ni mbinu ya zamani. Claus Hammer na wenzake wa Denmark waliitumia kusoma volkano katika barafu ya Greenland na wakachapisha matokeo mwaka 1980. Bado naipenda kuliko vifaa vyote vya bei mbaya vilivyoko chumba cha pili, kwa sababu haili barafu. Unapima, na barafu inabaki ilivyokuwa.

Sindano ya kipimo imeruka mara mbili karibu na mwisho wa mzigo wa leo, miruko miwili mikubwa iliyoachana kwa takriban mita mbili. Mwanafunzi amenitazama. Nimemwambia asubiri mashine iseme.

Saa 4:00

Ufito wa kwanza umesimama wima juu ya kichwa cha kuyeyushia. Ni bamba la chuma lenye joto, limegawanywa kwa kingo ndogo: maji ya katikati ya ufito yanafyonzwa na mirija yake na kwenda kupimwa papo hapo, maji ya pembeni yanakwenda kwenye chupa nyingine. Tunashuka sentimita nne hivi kwa dakika. Barafu ya kina hiki haijaziba sawasawa, ina vinyweleo bado, na maji yakizembewa hupanda juu ndani yake na kuchanganya miaka. Kwa hiyo mtu haondoki hapo. Mmoja anatazama ufito, mwingine skrini.

Kuhesabu miaka ni sehemu tamu. Chumvi ya bahari huongezeka wakati wa baridi, vumbi huongezeka majira ya kuchipua, na mistari hiyo miwili ikipishana kwenye skrini unaona mwaka mmoja unapita, halafu mwingine. Hapa mita moja ni miaka mitatu na ushee.

Salfa imeanza kupanda mapema. Kamlima ka kwanza kanaangukia 1835, mwaka ambao Cosigüina ya Nikaragua ililipuka mwezi Januari. Baadaye kidogo kinakuja kilima kikubwa zaidi: 1831.

Hapo nimesimamisha maelezo yote mengine na kumsimulia mwanafunzi. Kwa muda mrefu mlipuko wa 1831 haukuwa na mwenyewe. Watu waliona jua la rangi ya buluu na kijani, kizio cha kaskazini kikapoa kwa karibu nyuzi 1, na bado hakuna aliyejua ni mlima gani. Wengine walishuku Ferdinandea, kisiwa kilichochomoza baharini karibu na Sicily mwaka huohuo. Kilichoelekeza macho kwingine ni hesabu ya kawaida: salfa ya Greenland ilikuwa nyingi mno kuliko ya Antaktika, maana yake chanzo kiko kaskazini. Kisha timu iliyoongozwa na Bill Hutchison wa Chuo Kikuu cha St Andrews ikatoa kwenye barafu chembe za kioo cha volkano, ndogo kuliko unene wa unywele, ikalinganisha kemia yake na majivu ya Zavaritskii, volkano iliyo kwenye kisiwa cha Simushir katika visiwa vya Kuril, kaskazini mwa Japani. Zikalingana. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2024, karibu miaka 200 baada ya tukio.

"Kwa hiyo asidi haitoshi?"

Haitoshi. Asidi inakwambia kwamba kuna mlima ulilipuka, na ulitoa salfa kiasi gani. Jina la mlima liko kwenye kioo.

Saa 7:15 mchana

Tumeifikia Tambora.

Hata ukiijua, inashtua kuiona. Mstari wa salfa unapanda, unakataa kushuka, unabaki juu kwa zaidi ya nusu mita ya barafu. Mlima huo wa Sumbawa, Indonesia, ulilipuka Aprili 1815, lakini sehemu kubwa ya asidi yake hapa imelala kwenye tabaka za 1816 na kuendelea, kwa sababu gesi ilipanda hadi stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, ikageuka matone ya asidi ya salfuriki, ikasambaa polepole kuelekea ncha zote mbili za dunia. Matone hayo ndiyo yaliyorudisha mwanga wa jua angani. Mwaka 1816 Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani walikosa majira ya joto, na mavuno yakaharibika. Ukitaka kipimo cha karibu zaidi, Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991 iliipoza dunia kwa kama nusu nyuzi, nayo ilikuwa ndogo mbele ya Tambora.

Saa 8:00 kasoro

Na mruko wa pili. Miaka sita hivi kabla ya Tambora, mkubwa, safi, unaonekana Greenland na Antaktika pia, dalili ya mlima wa tropiki. Mlipuko tunaouita wa 1809, kwa mwaka wa tabaka lenye asidi yake. Umeelezwa na watafiti tangu 1991, na hadi leo hauna jina.

Saa 9:00 alasiri

Nimekula nikiwa nimesimama. Tuendelee.

Chupa za maji ya pembeni zinaingia kwenye mashine ya kuzungusha, mashapo yanatuama, nayaweka kwenye kigae cha kioo chini ya hadubini. Vumbi, vumbi, chavua moja iliyopotea njia, vumbi. Chembe ya kioo cha volkano ina kingo kali na pengine kiputo ndani yake. Za 1831 zimepatikana na wenzetu kwa sababu Kuril ni jirani wa upepo. Mlima wa tropiki una tabia nyingine: asidi husafiri juu kwa miezi mingi, kioo huanguka mapema njiani. Ndiyo maana naangalia kigae cha 1809 kwa subira bila matumaini makubwa. Saa nzima na nusu, na sina cha kuonyesha.

Wakati mwingine watu huniuliza kwa nini tusitumie maandishi ya kale tu. Tunayatumia. Mwanasayansi Francisco José de Caldas, akiwa Bogotá, aliandika juu ya ukungu uliofifisha jua kuanzia Desemba 1808, na huko Lima daktari Hipólito Unanue akaona mianga isiyo ya kawaida baada ya machweo. Ukiyaweka maelezo hayo mawili pamoja na barafu, unapata wakati na ukanda wa dunia. Mlima bado huna.

Hata tarehe zenyewe si za kuziamini kipofu. Hadi 2015 kalenda yetu ya barafu ya karne za mwanzo baada ya Kristo ilikuwa imepotoka kwa miaka kama saba. Michael Sigl na wenzake waliinyoosha kwa alama ya mionzi kutoka angani ya mwaka 774 na 775, inayoonekana kwenye pete za miti na kwenye berili ya ndani ya barafu. Baada ya hapo milipuko ikaanguka mahali pake, ikiwemo ule wa 536 uliofuatwa na baridi kali.

Saa 11:00 jioni

Mabishano na Profesa, kwa heshima zote. Isotopu za salfa zimeshaonyesha kwamba asidi ya 1809 ilifika kwenye tabaka la ozoni au juu yake, mahali ambapo miali ya urujuanimno hubadilisha uwiano wa salfa-33, mojawapo ya isotopu hizo. Hilo limetulia. Mimi nataka sampuli nyembamba zaidi, mwezi kwa mwezi, kuona asidi iliwasili lini hasa, na nataka maji mengi zaidi ya kutafutia kioo. Maji hayo hayapo, labda tukate ile sehemu ya hifadhi.

"Ukiimaliza wewe, wa baada yako atapima nini?"

"Profesa, nakubali. Lakini siombi gogo lote. Naomba mruko tu."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema niandike ombi kwa kamati.

Saa 12:30

Data zimenakiliwa mahali pawili, mirija imeoshwa, fito za kesho zimepangwa: tunashuka kuelekea 1783, mwaka wa Laki ya Isilandi. Ombi limekwenda. Nimeomba sentimita 40 za hifadhi, nikijua kamati hupenda kugawa kwa mbili.