Kafunga mlango, mnasema ni mapenzi?

Ubishi wa juzi kwenye saluni ya yaya wangu (ndugu yangu mkubwa), huku Kadutu, Bukavu, ulinikera. Katika tamthilia moja iliyotafsiriwa, tajiri kamnyang'anya mpenzi wake simu, kafunga mlango, ufunguo katia mfukoni. Msichana analia, muziki laini, mvua dirishani. "Ana wivu kwa sababu anampenda!" wakasema wasusi, mmoja kaacha rasta ya mteja inaning'inia.

Nikawaambia wazime sauti, kisha waniambie wanaona nini. Mama mmoja akajibu bila kuinua kichwa: "Mwanamke amefungiwa."

Mambo haya ni ya zamani. Kule Marekani, tamthilia ya General Hospital ilionyesha mhusika Luke akimbaka mwenzake Laura mwaka 1979. Mwaka 1981 wakafunga ndoa, watu wapatao milioni 30 wakitazama, na wengi walishangilia! Miaka mingi ilipita kabla tamthilia yenyewe kurudi kukiita kitendo kile ubakaji.

Yaya anasema ni sinema tu, niache watu wafurahi. Mimi pia naangalia, na yule tajiri ni mtanashati kweli. Lakini sheria yetu ya Kongo ya mwaka 2006 kuhusu ukatili wa kingono haiulizi utanashati. Nasikia wiki ijayo atamchumbia. Yaya ameshasema nikija nikae kimya.