Peni ya Ndimu na Chumvi

Kwetu Tanga, peni ilikuwa na tundu. Utotoni mwangu haikununua tena kitu, lakini jina lilikuwa bado vinywani mwa wazee: peni ni senti kumi ya wakati wa mkoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati. Bibi mzaa mama alikuwa nazo nyingi, amezitunga kwenye kamba ya mkonge na kuzitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Tulipomkera alizitikisa, nasi tukajua kinachofuata ni fimbo.

Ndiyo maana siku niliyoishika peni yenyewe ya Mwingereza, huku Birmingham, nilijihisi kama mtu aliyedanganywa tangu mdogo. Haikuwa na tundu. Upana wake karibu milimita 31, uzito gramu tisa na nusu hivi, na ukiidondosha mezani chumba kizima kinasikia. Upande mmoja Malkia Victoria, nywele kazifunga fundo kisogoni. Upande wa pili Britannia, yaani Uingereza katika umbo la mwanamke, ameketi na ngao yake na mkuki wa meno matatu, mnara wa taa kushoto, merikebu kulia. Niliipenda papo hapo, na sijui nieleze vipi kwa mtu asiye na ugonjwa huu.

Nilizipata kwenye soko la Jumapili, kiwanja cha matope ambako watu huegesha magari, hufungua buti na kuuza mabaki ya nyumba zao: vikombe, nyaya, viatu vya marehemu. Bibi mmoja alikuwa na kopo la biskuti limejaa peni, kila moja pensi 50. Tangu Uingereza ilipobadili hesabu ya fedha Februari 1971, na pauni ya peni 240 ikawa ya pensi 100, kuna nyumba nyingi zilizobaki na kopo la namna hiyo. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku ya kupanga vifurushi ghalani, na mchana usingizi ulikuwa haunijii vizuri. Basi nikawa naketi mezani nazipanga peni zangu kwa miaka, kuanzia 1860, mwaka zilipoanza kufuliwa kwa bronzi badala ya shaba tupu, hadi 1894, mwaka wa mwisho wa ile sura ya Malkia mwenye fundo. Nilikaa naye chumba kijana mmoja wa Pemba, aliyekuwa akipita, anatazama meza, anatikisa kichwa na kusema, "Kaka, wenzako wanatuma pesa nyumbani, wewe unazikusanya zilizokufa."

Novemba 2011, kwenye kopo lile lile, nikapata ya 1875. Nikaigeuza kwenye mwanga, na chini ya mwaka, pale ambapo kwa kawaida hapana kitu, palikuwa na herufi H, ndogo kama chawa.

Nilijua H ni nini. Ni alama ya Heaton, kiwanda binafsi cha kufua sarafu kilichopewa kazi na serikali pale kiwanda chake cha London kilipokuwa hakimudu peke yake. Peni za Victoria zenye H ni za miaka mitano tu: 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Za 1876 zilifuliwa zaidi ya milioni kumi, lakini za 1875 hazikufika hata milioni moja. Kiwanda chenyewe kilikuwa Icknield Street, hapa hapa Birmingham, na basi langu la kwenda kazini lilikuwa likipita mtaa huo. Nilikuwa nimeyaona yale majengo ya matofali mekundu mara mia bila kujua ni nini. Nililipa pensi 50, nikaondoka sokoni natembea haraka haraka kama mwizi.

Nataka niieleze ilivyokuwa, kwa sababu ni mimi niliyeiona mwisho katika hali ile. Ilikuwa na rangi ya tende iliyokauka, hudhurungi ya ndani kabisa, na kwenye mikunjo ya nguo ya Britannia rangi ilikuwa nzito zaidi kiasi kwamba kila mkunjo ulijisimamia. Nywele za Malkia zilihesabika, isipokuwa juu ya sikio zilipolika kidogo. Hapakuwa na mkwaruzo wa maana. Ila haikung'aa.

Basi nikaing'arisha.

Nilitumia ndimu na chumvi, maana ndivyo nilivyolelewa. Kwetu, siku tatu kabla ya Idi, vyombo vya shaba vyote hutolewa uani: dele la kahawa, sinia, vinu vidogo vya iliki. Watoto mnakaa chini na nusu ndimu mkononi, majivu pembeni, mnasugua mpaka mjione nyuso. Dele lililofubaa ni aibu ya mwenye nyumba. Birmingham sikuwa na majivu, kwa hiyo kazi ya mwisho niliifanya kwa dawa ya meno na mswaki wa zamani. Yule Mpemba alisimama mlangoni akasema, kwa mara ya kwanza, "Hapo sasa inafanana na kitu." Ilikuwa ya rangi ya waridi, kama mtoto aliyezaliwa leo. Niliifunga kwa karatasi laini ya chooni, nikasubiri siku ya gulio la sarafu.

Gulio lenyewe lilikuwa ukumbi wenye meza kama sabini na wazee watupu. Nilipita meza kadhaa nikitafuta uso wa upole, nikaangukia kwa mzee mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwiko, lenzi imening'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Nikafungua karatasi yangu kwa madaha.

Aliishika kingoni, vidole viwili, hakugusa uso wake kabisa. Akaisogeza chini ya taa, akaipindisha kushoto, akaipindisha kulia. Hakuweka hata lenzi jichoni.

"Umeisafisha," alisema. Lilikuwa si swali.

"Kidogo."

"Kwa nini?"

Jibu la Kiingereza sikuwa nalo. La Kiswahili lilikuwepo, la dele na Idi na aibu ya mwenye nyumba, lakini ningeanzia wapi? Nikamwambia ilikuwa chafu.

"Haikuwa chafu," akasema. "Ilikuwa na miaka 136." Akaniambia angenipa pauni 15, kwa sababu ya ile H peke yake. "Ungeniletea kama ulivyoikuta, ningekupa 100 hapa hapa, na ningekuwa nakupunja."

Masikio yalinipata moto. Kwa saa zangu za ghalani, ile tofauti ilikuwa zaidi ya usiku mzima wa kunyanyua vifurushi, nami niliifuta kwa ndimu moja. Nikanyoosha mkono nichukue peni yangu niondoke, lakini mzee alikuwa amevuta kiti kwa mguu wake. "Kaa," akasema, "leo hakuna biashara." Nadhani alinihurumia, au alikuwa na upweke, yote mawili yanawezekana.

Akaweka mbele yangu peni kumi nyeusi nyeusi. Niziweke daraja.

Hapa lazima nieleze daraja za Waingereza, maana zina ucheshi wao. Ya chini kabisa inayostahili kutajwa wanaiita Fair. Juu yake Good, kisha Fine, kisha Very Fine, kisha Extremely Fine, halafu ile isiyowahi kupita mikononi mwa watu. Ukisikia Fine unadhani ni nzuri. Siyo. Fine ni sarafu iliyochakaa hasa, nywele za Malkia zimebaki kama bonge moja. Ni "sijambo" ya mgonjwa: unaijibu kwa adabu, lakini kila mtu anakuona unavyokohoa.

Nilizipanga zile kumi kwa ujasiri wote. Nilikosea saba.

Kosa langu kubwa lilikuwa moja, na mzee alilirudia mpaka nikaliona. Mimi nilikuwa natazama ung'avu. Yeye alikuwa anatazama vilima. Sarafu huliwa kuanzia juu: nywele juu ya sikio, kifua cha Britannia, goti lake. Ndipo vidole na mifuko hupasugua kwanza. Akanipa lenzi, akaniambia nitazame goti tu, nisahau mengine. Kwenye peni moja goti lilikuwa bapa na linateleza, limelainika kama ukingo wa ngazi ya mawe inayokanyagwa kila siku. Kwenye ya pili nalo lilikuwa bapa, nikasema hii nayo imelika. "Tazama tena." Nikatazama. Bapa lile lilikuwa na vinyweleo vile vile na rangi ile ile ya sehemu nyingine, halikuteleza. Muhuri wa kuchapia sura ulikuwa umechoka siku ile kiwandani, akaniambia, goti halikuwahi kuumbwa vizuri. Hii haijatumika karibu hata kidogo. Mbili zinafanana kwa mtu wa mbali, na kati yake kuna daraja mbili nzima.

Kisha akanionyesha ile ambayo bado ninaiona nikifumba macho. Aliitoa mfukoni mwa sweta, kwenye bahasha ndogo, akaiweka kiganjani mwangu kwa kingo. Peni ya 1861, hudhurungi, lakini pembezoni mwa herufi na kati ya meno ya ukingo kulibaki wekundu wa siku ya kwanza. "Ipindishe polepole." Nikaipindisha, na mwanga ukazunguka juu yake kama mapanga ya feni, mistari miwili inafukuzana. Halafu akaniwekea yangu kando yake. Nikaipindisha. Ikang'aa yote kwa pamoja, mahali pamoja, kama sufuria. Chini ya lenzi ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba, elfu na elfu, yote ikielekea upande mmoja. Upande wa mkono wangu wa kulia. Mpaka mswaki ulionekana.

Sikumuuzia. Hakusisitiza.

Nilipokuwa naondoka niliinamia sanduku lake la sarafu za nchi nyingine, kila moja pensi 20, zile ambazo wazee hawa huzidharau kidogo. Vidole vyangu vikapita kwenye rupia, faranga, vitu vya Kireno, halafu vikaingia kwenye tundu.

Peni ya bibi. Pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, EAST AFRICA, 1936. Nikaigeuza, na upande wenye taji pakawa na jina EDWARDVS VIII. Nikamwonyesha mzee, naye kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Edward wa Nane alijiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake hata moja iliyotolewa rasmi itumike sokoni. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina tu, kwa hiyo zilifuliwa bila kungoja mchongaji amalize kichwa. Mfalme ambaye Mwingereza hakupata kununua mkate kwa sarafu yake, bibi yangu alimtunga kwenye mkonge. Na ukiitazama vizuri kuna H ndogo. Icknield Street tena.

Nikalipa pensi 20. Ilikuwa imeganda uchafu mweusi kuzunguka tundu. Niliiweka mfukoni mwa shati, peke yake, nikafunga kifungo.

Jioni ile kabla ya kwenda kazini nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, hali za wote, mvua, bei ya mchele. Kisha nikamuuliza kama zile peni za bibi za kwenye kamba bado zipo, na kama zipo asiziguse, asizioshe, asifanye chochote.

"Zipo mwanangu," akasema. "Babu yako mdogo alizichukua tulipoezeka banda la mbuzi. Zinafaa sana, zina tundu, alizipitishia misumari ya bati. Mwaka wa sita huu halivuji."

Nikanyamaza.

"Kwani unazitaka? Ukija utapanda mwenyewe."