Saa 7 ya Dunga

Mama mmoja wa Luanda, kule Vihiga, alipanda matatu hadi Kisumu, akateremka ufuoni Dunga saa saba mchana barabara. Omena, dagaa wa ziwani aliowafuata, ilikuwa imekwisha kitambo, maana wavuvi huivua usiku kwa taa na kutua nayo asubuhi. Akanionyesha simu yake: "Mashua itafika Saa 7:00."

"Kijana wangu, si ndiyo hii saa saba?"

Ndiyo hiyo. Programu ile ya simu, ya kuuzia samaki wa Dunga, niliitengeneza mimi, na neno "Saa" nililibandika mimi mbele ya tarakimu za Kiingereza. Nilimrudishia nauli, lakini siku yake ya soko ilikuwa imepotea, na jambo hilo liliniuma sana.

Mpaka hapo niliamini kuongeza lugha ni kazi ya mafaili tu. Kwenye Android maneno ya msingi hukaa katika folda iitwayo values. Ukitaka Kiswahili unaongeza values-sw, ukitaka Dholuo values-luo, na simu inajichagulia. Sehemu hiyo ni ya jioni moja.

Saa nilizirekebisha usiku uleule. Unachukua saa ya Kiingereza, sifuri hadi ishirini na tatu, unatoa sita, ukipata sifuri au chini yake, unaongeza kumi na mbili, ukizidi kumi na mbili, unazitoa. Kisha niliacha tarakimu kabisa nikaandika kwa maneno: saa moja asubuhi, saa kumi na moja alfajiri. Hapo hakuna wa kukosea.

Kilichonitoa jasho ni ngeli. Kiingereza changu kilikuwa kimeungwa vipandevipande: idadi, kisha jina la bidhaa, kisha "sold". Nikatafsiri kila kipande peke yake, na skrini ikaandika "3 debe imeuzwa". Shangazi yangu, ambaye amechuuza samaki miaka mingi, aliisoma kwa sauti, akanitazama. "Nyathina (mwanangu), nani anaongea hivi?"

Nilipoketi kuandika sentensi zote nikaona ukubwa wa kazi: debe 1 limeuzwa, madebe 3 yameuzwa, gorogoro 3 zimeuzwa, ngege 3 wameuzwa. Debe na gorogoro ni vipimo, ngege ni samaki. Kila bidhaa inadai kitenzi chake, na idadi inataka kukaa nyuma ya jina, si mbele. Nilianza kuandika masharti ya kila ngeli ndani ya msimbo wa programu, nikafika bidhaa ya tano nikachoka.

Jibu lilitoka kwa shangazi bila yeye kujua. Nilimuuliza siku yake ilikwendaje, akasema, "Nimeuza madebe matatu na mbuta wawili." Nimeuza! Kitenzi kinamfuata muuzaji, hakiijali bidhaa. Nikageuza sentensi nzima: "Umeuza madebe 3", "Umeuza ngege 3". Kilichobaki ni umoja na wingi wa jina, na hilo Android inalo tayari katika kipengele chake cha plurals. Dholuo nayo ilikubali vilevile, kwa kuwa "iseuso" inambeba muuzaji mwanzoni kama "umeuza". Tangu hapo mfasiri nampa sentensi kamili, yenye %1$s na %2$d ndani yake, alama zinazoshika nafasi ya jina na ya idadi, aihamishe anavyotaka. Vipande simpi tena.

Vitufe vilikwenda haraka. "Wasilisha" niliiondoa nikaweka "Tuma", neno ambalo kila mtu analijua kwa kutuma pesa.

Uchaguzi wa lugha nimeuweka kwenye ukurasa wa kwanza, kila lugha kwa jina lake yenyewe. Android 13, ya mwaka 2022, inamruhusu mtu kuipa kila programu lugha yake, lakini simu nyingi ninazoziona Dunga ni za zamani kuliko hiyo, na zimewekwa Kiingereza tangu dukani.

Mama wa Luanda bado ananunua omena kupitia kwetu. Juzi aliniuliza Lunyore, lugha ya kwao, kitaingia lini. Folda nimeshaifungua, ina mistari minne, yote ametafsiri yeye akiwa amesimama kando ya mashua, akingoja omena yake ipimwe.