Mbaazi za bibi: siku yangu moja na wazee wa Wete

Saa 11 alfajiri. Baada ya sala natia uji wa mtama jikoni. Mama yangu ana miaka 78, na tangu nianze kujitolea kuwatembelea wazee, sahani yake naiangalia kwa jicho jengine.

Saa 2 asubuhi. Nyumba ya kwanza ni ya bibi anayekaa peke yake, wanawe wote wako Unguja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, pita ndani." Asubuhi chai na boflo, usiku chai na boflo. Meno yamekwenda, kutafuna hawezi, kupika kwa mtu mmoja anaona uzito.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Utumboni mwetu wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi chakula chao ni nyuzinyuzi za mbaazi, majimbi na mboga, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Wakizila hutoa asidi, mojawapo butireti, na hiyo ndiyo riziki ya seli za ukuta wa utumbo. Ukuta ukidhoofika, mabaki ya bakteria hupenya kwenye damu, kinga ikabaki vitani usiku na mchana. Vita hivyo humchakaza mtu mzima.

Mwaka 2012 watafiti wa Ireland walichapisha matokeo ya wazee 178. Waliokaa majumbani mwao walikuwa na bakteria wa aina nyingi kuliko waliolelewa vituoni kwa muda mrefu, ambao pia walikuwa dhaifu zaidi. Chakula chao kilitofautiana. Kipi kilitangulia, udhaifu au tumbo, utafiti ule haukumaliza. Lakini bibi huyu yuko nyumbani kwake, na sahani yake ni ya upweke.

Nimeziroweka mbaazi tangu jana. Tumezichemsha na binti wa jirani mpaka zikavurugika, tukazitia tui, tukaziponda kwa mwiko bila ya kuzichuja.

Saa 5. Mzee mwenye mafua ana vidonge vya rangi mbili alivyonunua mwenyewe. Nimemwambia mafua ni virusi, antibayotiki haziyagusi, ila zitawafagia bakteria wake wa tumboni, na katika umri wake hawarudi upesi. Amevirudisha chini ya mto. Kesho nitapita tena.

Saa 7 sala, kisha kuandika daftari.

Saa 12 jioni nimerudi kwa bibi. Sufuria imebaki nusu. "Kesho niletee na ndimu," kaniambia.