Jinsi nilivyofuatilia historia ya safu ya maduka ya kale katika kitongoji cha London

Kazi yangu ilianza ng'ambo ya barabara, macho yakitazama sehemu iliyo juu ya vibao vya majina ya maduka. Chini, kila mpangaji mpya hung'oa dirisha la aliyemtangulia na kuweka lake. Ghorofani hakuna anayegusa kitu mpaka paa livuje. Kwa hiyo umri wa safu niliutafuta juu: namna matofali yalivyolazwa, matao ya madirisha, mabomba ya moshi, kimo cha paa. Matofali yanayoonyesha ubavu na kichwa kwa zamu kwa kawaida ni ukuta mzito usio na uwazi ndani, ujenzi wa karne ya 19. Yakionyesha ubavu mtupu, mara nyingi ukuta ni wa tabaka mbili zenye nafasi katikati, mtindo ulioenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aina zote mbili zikikutana katika safu moja, hapo kuna kiraka kinachodai maelezo. Kwa maeneo yaliyokuwa chini ya London County Council, halmashauri ya zamani ya London, nilitazama kwanza ramani za uharibifu wa mabomu za 1939 hadi 1945: nyeusi ni jengo lililoteketea kabisa, zambarau ni lile lisiloweza kutengenezwa tena.

Sakafu ya chini nayo si bure. Kati ya fremu mbili huwa kuna nguzo bapa, na juu yake kichwa cha nakshi kinachokinga ncha za mbao za majina pande zote mbili. Mpangaji huwa huru kubadili kioo chake, lakini nguzo hiyo anaigawana na jirani, basi huachwa. Nilizipiga picha zote na kuzilinganisha. Nakshi zikifanana kutoka mwanzo hadi mwisho wa safu, ni dalili nzuri kwamba maduka yalijengwa kwa mkupuo mmoja na mjenzi mmoja. Mfano ukibadilika katikati, awamu ya pili ya ujenzi huenda imeanzia hapo.

Jambo linalowapotosha wengi ni maduka yaliyojengwa juu ya bustani. Barabara nyingi za vitongoji vya London zilianza kama safu za nyumba za kuishi zenye bustani mbele. Biashara iliposogea, tramu na reli zikileta wateja, wenye nyumba walifunika bustani kwa chumba cha duka cha ghorofa moja, nyumba yenyewe ikabaki nyuma. Ukiona ghorofa za juu zimerudi ndani mita kadhaa na paa bapa mbele yake, duka na nyumba vina tarehe mbili tofauti. Andika zote mbili. Mtu akichukua tarehe ya nyumba kuwa ndiyo ya duka, anaweza kukosea kwa miaka hamsini.

Ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za kipimo cha 1:2500 ndizo zilizonithibitishia hilo, na toleo la National Library of Scotland (maktaba ya taifa ya Uskoti), linalojumuisha Uingereza pia, husomwa bure mtandaoni. Kwa kipimo hicho mita 5 za upana wa duka ni milimita 2 tu kwenye karatasi, kwa hiyo kuza picha hadi mwisho na ufuate mstari wa mbele ya majengo. Ukisogea kuelekea barabarani kati ya toleo moja na linalofuata, bustani imejengwa katika kipindi hicho. Soma pambizo: mwaka wa upimaji na mwaka wa uchapishaji ni vitu viwili, nami nilitumia wa upimaji.

Majina ya wafanyabiashara niliyapata katika vitabu vya anwani vya Kelly's, sehemu inayopanga majina kwa barabara. Hapa mtego ni namba za nyumba. Barabara zilipewa namba upya mara kwa mara, na mwishoni mwa miaka ya 1930 London County Council ilibadili hata majina mengi ya barabara yaliyojirudia. Ukifuata namba 42 kutoka leo hadi 1890, unaweza kuishia jengo jingine kabisa. Dawa yake imo ndani ya kitabu chenyewe: kati ya majina huchapwa mstari unaotaja barabara inayokatiza pale. Nilihesabu maduka kutoka kwenye kona hiyo, nikatumia baa au kanisa kama nanga ya pili, na kurudi nyuma kutoka mwaka unaojulikana, toleo kwa toleo. Mtayarishaji wa orodha hiyo alikusanya habari kabla ya kuchapa, hivyo toleo la 1911 huonyesha zaidi hali ya 1910.

Kwa hali ya ndani hakuna kinachoshinda upimaji wa thamani uliofanywa chini ya Sheria ya Fedha ya 1909–10. Uko The National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew. Anza na ramani, zenye rejea IR 121 kwa London, usome namba ya wino mwekundu juu ya jengo lako; kisha agiza daftari la IR 58 lenye namba hiyo. Kila daftari lina nafasi ya milki 100. Humo mna mwenye mali, mpangaji, kodi, hali ya jengo, na mara nyingi maelezo ya vyumba: duka, stoo, zizi la farasi uani. Niliyasoma kwa furaha isiyoelezeka, maana duka lililokuwa jina tu linakuwa na ngazi na jiko.

Sensa inajaza waliolala ghorofani, ila ina pengo: ya 1931 iliteketea kwa moto Desemba 1942, na 1941 haikufanyika. Rejista ya Septemba 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza, huziba sehemu.

Matangazo yaliyopakwa ukutani yapige picha baada ya mvua, au jua likipita kwa ulalo. Ukuta ukilowa, herufi hujitenga na tofali. Usiyasugue wala kuyapaka dawa ya kung'arisha. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Yote niliyaweka katika jedwali moja: mstari kwa kila fremu, safu wima kwa kila mwaka, na chanzo ndani ya kila kisanduku. Kisanduku kisicho na ushahidi kilibaki kitupu. Nakala niliipeleka kwenye hifadhi ya nyaraka ya halmashauri, pamoja na picha za nguzo zote, zikiwa na tarehe na namba za sasa.